Jina la Bandia na Amana ya Siri



Wapo katika jamaa zetu wanaofungua anwani ya barua pepe ya bure kwa jina la bandia, wapate kuuliza juu ya maradhi au mgogoro wa ndoa pasi na kujulikana. Haja hiyo ni ya haki, kwani sitara ni heshima ya mja. Lakini je, siri hiyo i salama?

Mwaka 1993, Johan Helsingius wa Ufini alianzisha huduma ya bure iliyoficha majina ya waandishi wa barua. Mwaka 1995 polisi walimlazimisha kisheria kutoa anwani halisi ya mtumiaji mmoja. Mwaka 1996 akaifunga huduma yote. Hakuwa mhaini. Alikuwa na daftari, na penye daftari hapakosi wa kulidai.

Mwaka 2021, ProtonMail ya Uswisi nayo iliamriwa kisheria kurekodi anwani ya intaneti ya mwanaharakati aliyekuwa Ufaransa, ikaikabidhi. Maneno ya barua yalibaki yamefungwa kwa fumbo. Kilichotolewa ni alama ya zilikotoka.

Basi kabla ya kuweka amana, tuulize: mpokeaji anahifadhi nini? Asichokiweka hawezi kukitoa. Tusijisajili kwa nambari ya simu yetu, wala tusitaje majina ya watu. Na jambo ambalo likifichuka litavunja nyumba, lisemwe ana kwa ana, mbele ya tabibu au kadhi.

Wabillahi tawfiq.