Jeshi linaanzia wilayani

Kijana wa Nyamongo au Mugumu anayeota kuwa ofisa haanzii Chuo cha Kijeshi Monduli. Mara nyingi anaanzia JKT, na maombi ya kujitolea JKT yanapitia ofisi za wilaya na mkoa anakoishi. Mchujo wa kwanza uko hapo. Marekani, mbunge ndiye hupendekeza vijana wa West Point, ila sheria inambana: wake wasizidi 5 chuoni kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kupendekezwa si tatizo. Tatizo ni kutojua nani kapita na kwa kigezo gani. Nasema Tarime na Serengeti zibandike ukutani nafasi, vigezo na majina. Asiye na mjomba wilayani naye ajue kakosa kwa nini. Wasomi wa Mara, tulidai hili.