Vitabu vya Kuwaongoza Wasafiri: Je, Vyasadikika?

Wasomaji wetu, yako maneno mawili yasemwayo sana juu ya vitabu vile ambavyo wageni huvishika mkononi wapitapo katika nchi yetu. Wengine husema, "Kimeandikwa, basi ni kweli." Wengine husema, "Kimeandikwa na mgeni, basi ni uongo." Sisi twanena waziwazi ya kuwa maneno yote mawili ni ya wavivu, maana kila mmoja wao amepata njia ya kuhukumu kitabu pasipo kukisoma. Kitabu cha kumwongoza msafiri ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali kabla ya kusadikiwa, hasa iwapo nchi yenyewe ni ngumu kusafiri.

Swali la kwanza: Je, mwandishi alifika? Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliona theluji juu ya Kilimanjaro, akaandika habari yake. Kule London, William Cooley, mtu wa elimu nyingi ambaye hakupata kukanyaga bara hii, alimkanusha kwa ukali. Mabishano yakaendelea miaka zaidi ya kumi, hata von der Decken alipofika mlimani mwaka 1861 na 1862, akashuhudia ya kuwa Rebmann alisema kweli. Na Wachaga walikuwa wakiiona theluji ile tangu utoto wao!

Wala tusidhani ya kuwa mambo hayo yamekwisha. Mwaka 2008 Mmarekani mmoja, Thomas Kohnstamm, mwandishi wa vitabu vya wasafiri, alisema mwenyewe ya kuwa alishiriki kuandika kitabu juu ya nchi ya Colombia bila kufika huko, kwa sababu ujira haukutosha. Wachapishaji walijibu ya kuwa yeye alipewa kuandika sehemu ya historia tu. Na iwe hivyo. Lakini mnunuzi wa kitabu atajuaje ni ukurasa upi umeandikwa na mtu aliyetembea, na upi na mtu aliyekaa kitini?

Swali la pili: Ikiwa alifika, je, aliona yote anayoyanena? Mfano uko hapa kwetu, katika mto ulioupa mkoa wetu jina. Stanley alipita nchi hizi mwaka 1875, akafika ukingoni mwa Ziwa Victoria mwezi wa Februari. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1878 aliandika ya kuwa Simiyu ndio mwanzo wa mbali wa mto Nile upande wa kusini, akiuunga na mito ya huko Iramba kana kwamba yote ni mto mmoja. Kumbe maji ya Iramba na Wembere huelekea Ziwa Eyasi, wala hayafiki kwetu kamwe. Na Simiyu huanza katika nyanda za upande wa Serengeti. Stanley alifika kweli, na miguu yake ilichoka kweli. Lakini alipoacha kuona, kalamu yake haikuacha kuandika.

Swali la tatu: Aliandika lini? Kitabu kilichopigwa chapa kabla ya mwaka 2012 kitamwambia msafiri ya kuwa Bariadi ni wilaya ya Shinyanga, maana mkoa wa Simiyu ulikuwa haujaundwa. Kitabu cha zamani kitamtisha kwa njia ya Lamadi hata Bariadi, ambayo leo ni lami. Lakini hakitamwambia ya kuwa tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imekatazwa nchini. Mambo mengine hayageuki. Udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha, hushika gari leo kama ulivyolishika zamani; na saa zetu huhesabiwa tangu macheo, hata mgeni asiyejua huambiwa basi laondoka saa kumi na mbili, naye akalingoja adhuhuri. Basi, kwa majira na ardhi kitabu cha kale chaweza kufaa. Kwa nauli, barabara na sheria, sharti aulizwe mwenyeji.

Sasa twageukia upande wetu, nasi hatutaficha neno. Yako mambo ambayo kitabu cha mgeni husema kweli, nasi hukasirika. Kikionya watu wasiogelee Ziwa Victoria kwa sababu ya kichocho, twasema ametutukana. Je, kichocho hakipo? Vidonge wanavyogawiwa watoto wetu shuleni ni vya nini? Kikitaja vikongwe waliouawa katika Usukuma kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowaka kwa moshi wa jiko tu; kikitaja watu wenye ualbino waliowindwa katika mikoa ya Ziwa, twasema anatuharibia jina. Ndugu, jina letu liliharibiwa na mwenye panga, si na mwenye kalamu. Hasira hiyo ielekezwe mahali pake.

Walakini kitabu kisemacho hayo peke yake, kisha kikanyamaza, nacho kimedhulumu. Aitwaye "watu wa nchi ngumu" ni watu walimao pamba kuliko mkoa wo wote wa Tanzania, wenye ngoma za Bagika na Bagalu, wenye kumpa mgeni kiti kabla ya kumwuliza jina. Mwandishi aliyekaa siku mbili aweza kuhesabu vyumba vya nyumba ya wageni. Tabia ya watu hawezi kuihesabu. Hapo ndipo vitabu hivi visadikiwe kwa uchache kuliko mahali pengine po pote.

Na kosa hilo si lake peke yake. Nani alimwandikia habari zetu? Mwaka 1901 Carl Velten alitoa kitabu cha safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe kwa lugha yao. Mmoja wao, Salim bin Abakari, alisimulia hata safari yake ya Urusi na Siberia. Wao waliweza kueleza nchi za watu. Sisi twashindwa kueleza Itilima na Meatu? Katika kila kijiji yuko mwalimu, na karatasi si ghali. Na aandike njia, visima, mito isiyovukika wakati wa masika, magonjwa, siku za gulio na adabu za kuamkiana. Tena aandike mabaya pamoja na mazuri, na tarehe chini yake.

Kuuliza si ujinga. Lakini mgeni akija kuuliza, na awepo wa kumjibu kweli.