Dishi Halifukuzi Setelaiti!

Washikaji, mkae macho! Kuna mafundi madishi wanaokula hela za watu kwa maneno ya angani. Jirani yangu kaambiwa alipe kila mwezi, eti "setelaiti imesogea". Nikamwambia, bwana wee, rudisha pochi mfukoni.

Mambo yako hivi. Mwaka 1619 Mjerumani Johannes Kepler alichapisha kanuni yake kuhusu sayari: zilizo mbali na jua huchukua muda mrefu zaidi kumaliza raundi. Kanuni hiyohiyo inatawala vinavyoizunguka dunia. Kituo cha anga cha kimataifa, kilomita 400 hivi juu yetu, kinamaliza raundi kwa dakika 90 tu. Setelaiti hizi za TV zimewekwa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako raundi ni karibu siku nzima, sawa na dunia inavyojizungusha. Zinakwenda nasi sambamba, ndiyo maana tunaziona zimeganda palepale.

Hamuamini? Ukipima kutoka katikati ya dunia, mwezi uko mbali kama mara 9 ya setelaiti hizo. Piga 9 mara 9 mara 9, unapata 729. Sasa tafuta namba inayojizidisha yenyewe ikatoa 729. Ni 27! Na mwezi unazunguka kwa siku ngapi? Ishirini na saba na ushee.

Upepo ukilisukuma dishi, fundi aitwe na alipwe haki yake. Lakini akisingizia setelaiti, muulize habari za Kepler. Mtaona atakavyokusanya spana zake!