Administrator si ya Kukaa Humo

Laptopu ikigoma kufuta faili au kuingiza programu, ushauri wa mabwenini ni mmoja: "Washa Administrator, yote yataisha." Mtu anafungua kile kidirisha cheusi cha amri kwa mamlaka ya msimamizi, anaandika net user administrator /active:yes, basi. Ukitoka na kuingia tena, jina jipya linakusubiri kwenye skrini. Na ukiingia kwa jina hilo, vile vidirisha vya kukuuliza "unaruhusu?" huvioni tena. Raha tupu.

Mimi sina ugomvi na kuiwasha. Ugomvi wangu ni na wanaohamia humo jumla.

Kwanza tuelewane, hiyo siyo siri ya wadukuzi. Akaunti hiyo imo ndani ya Windows siku zote, ila tangu Windows Vista ya 2007 Microsoft wanaiacha imezimwa. Wana sababu. Ukiiwasha kwa amri ile, kwa kawaida haina nywila. Yaani yeyote anayekaa mbele ya laptopu yako anabofya jina na kuingia, halafu anafungua hadi mafaili ya akaunti yako uliyoiwekea nywila ndefu kama treni. Na kila programu unayoifungua ukiwa humo inapewa mamlaka yote bila kuulizwa, pamoja na kirusi ulichokibeba kwenye flashi kutoka steshenari.

Sasa tazama maisha yetu. Chumba watu wanne, laptopu moja nzima, nyingine ina kioo kilichopasuka. Hiyo nzima ndiyo yenye ripoti za utafiti za wote wanne. Sisi wa ualimu ndiyo kabisa: tunarudi kutoka mazoezi ya kufundisha na majina na alama za watoto wa watu. Mzazi hakumpeleka mwanaye shule ili alama zake zisomwe na mgeni aliyekuja kuangalia mpira chumbani kwenu.

Ndiyo, ina kazi yake. Akaunti yako ikiharibika, ukiingia unakuta mambo nusunusu, hii inakusaidia kutengeneza nyingine na kuhamisha mafaili. Lakini kwa programu moja tu inayogoma? Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua iendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi, maliza. Kidirisha kimoja cha kuuliza kinakuchelewesha sekunde ngapi jamani?

Wengine hawakuiwasha hata wao, ni fundi aliyeiwasha akaiacha hivyo. Kwa hiyo kabla hujamlipa, muulize: "Fundi, Administrator umeizima?" Amri ni ileile, mwishoni unaandika no badala ya yes. Ila hakikisha kwanza akaunti yako mwenyewe bado ina mamlaka ya msimamizi, la sivyo unajifungia nje na kumrudia fundi yuleyule na hela nyingine.