Farasi wa Bahari Wasichanganywe

Huko Marekani na Ulaya wako watu wengi wafugao samaki wa bahari majumbani mwao, katika matangi ya kioo. Miongoni mwa wapendwao mno ni farasi wa bahari, yule samaki mwenye kichwa cha farasi na mkia wa kujishikizia, ambaye dume lake ndilo libebalo mimba. Aghalabu mfugaji akisha kupata aina moja huitamani ya pili, kisha ya tatu, na zote huzitia katika tangi moja. Je, jambo hili lafaa? Rai yangu ni kwamba halifai hata kidogo.

Walitetealo husema kuwa wote ni ukoo mmoja, tena ni wapole. Hayo ni kweli. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, lakini farasi hawa si fahali. Hukaa pamoja kutwa kucha, na mkia wa huyu umeshika mkia wa yule. Hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwani madhara yao hayaji kwa pembe, huja kwa maji.

Tutazame maradhi kwanza. Hippocampus erectus atoka Atlantiki. Hippocampus kuda atoka Bahari ya Hindi na Pasifiki. Kila mmoja amezoea vijidudu vya kwao, na huweza kuonekana mzima ilhali amebeba kitu ambacho mwenziwe hana kinga nacho. Baharini wametengwa na maelfu ya maili. Tangini wote huvuta pumzi katika maji yale yale, na mfugaji huja akaokota maiti asijue sababu.

Kisha liko joto. Hippocampus abdominalis wa Australia na New Zealand, ambaye hupita sentimita 30, ataka maji ya baridi, chini ya digrii 20. Hippocampus reidi, wa Karibi hadi Brazil, hufugwa katika digrii 22 hadi 24. Ukimridhisha mmoja umemwadhibu wa pili. Tena maji yakizidi joto, bakteria waitwao Vibrio huzaana upesi, na hao ni adui mkubwa wa farasi wote.

Na chakula je? Samaki huyu hana meno, wala hana mfuko tumboni wa kuwekea chakula. Yampasa kula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Hippocampus zosterae wa Ghuba ya Mexico, wa sentimita 2 na nusu tu, ataka vijikamba vilivyo hai, vidogo kama chembe. Wakubwa hupewa kamba wa barafu. Waweke pamoja, na mmoja atashiba huku mwingine akikonda mbele ya macho yako.

Wako wajibuo kwamba walichanganya erectus na reidi, wote waliozaliwa tangini, na wakaishi. Sikatai, joto walitakalo lakaribiana. Lakini hata hao huzaa machotara, na anunuaye watoto wao hajui anafuga nini. Tena aliyevuka mto wenye mamba akasalimika hana haki ya kuwaambia wengine kuwa mto ule hauna mamba.

Jambo hili latuhusu sisi watu wa Pwani pia. Katika majani ya bahari na matumbawe ya pwani ya mashariki ya Afrika wamo farasi hawa, akiwamo Hippocampus camelopardalis, aliyepewa jina la twiga. Tangu mwaka 2004 biashara yao baina ya nchi na nchi imewekwa chini ya mkataba wa CITES, kwa kuwa walikuwa wakivuliwa kupita kiasi. Kila mmoja afaye tangini kwa kuchanganywa ovyo huacha nafasi wazi, na mwenye tangi hutafuta wa kuijaza. Mara nyingine huyo hutoka baharini, si kwa mzalishaji.

Kumfunga kiumbe ni kubeba dhima yake. Mwenye kutaka aina mbili na awe na matangi mawili, maji mbali na vyombo mbali. Asiyeweza, atosheke na aina moja, aitunze vyema. Uzuri wa farasi mmoja aliye hai wapita rangi za watano wanaokufa.