Hotuba niliyoiandika mimi

Tarehe 1 Desemba Kanisa linamkumbuka Mwenye Heri Anuarite Nengapeta. Kwetu Yanonge, mto ndio unaotangaza sikukuu kabla ya kengele. Mitumbwi inatua toka alfajiri, mama wamevaa vikwembe vya aina moja, kwanga na samaki wa moshi vimejaa vikapuni.

Mwaka jana niliombwa kuandika hotuba ya kukaribisha wageni. Mwanafunzi wa lugha, nani mwingine? Niliandika kurasa tatu za Kifaransa, na niliona fahari. Iliposomwa, koko yangu aliniuliza kwa Kilokele, kwa sauti ya chini, kama yule bwana alikuwa anagombana na mtu.

Humo nilieleza namna Anuarite, mtawa wa Jamaa Takatifu mzaliwa wa Wamba, alivyochukuliwa na wenzake toka Bafwabaka mpaka Isiro, akauawa na Simba usiku wa kuamkia 1 Desemba 1964; na namna Papa Yohane Paulo wa Pili alivyomtangaza Mwenye Heri kule Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985. Yote kweli. Ila nilikuwa ninawaeleza habari za 1964 watu walioziishi. Simba walishika Kisangani, wakati ule Stanleyville, toka Agosti mpaka Novemba. Koko alikuwa msichana. Alikimbilia msituni na mama yake. Sikuwahi kumuuliza.

Wengine watasema Kifaransa ni heshima kwa wageni. Wageni gani? Walitoka Isangi na Kisangani, na toka asubuhi walikuwa wakicheka nasi kwa Lingala na Kiswahili. Tuseme ukweli: niliandika Kifaransa ili waone nimesoma.

Halafu kuna lokole. Mwaka jana ilibaki ndani, maana vipaza sauti vilikodiwa. Sisi wa Lettres tunajua kwamba John Carrington aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hizi mwaka 1949, akaonyesha kwamba zinafuata toni za Kilokele, moja ya juu na moja ya chini, na kwamba neno moja hurefushwa kuwa sentensi nzima ili lisichanganywe na lingine. Tunalijibu hilo kwenye mtihani. Kulipiga, hakuna kati yetu anayeweza. (Mimi nilijaribu, wazee walicheka sana.)

Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1964 leo amepita sabini. Kwa hiyo naomba wenzangu: Desemba ijayo lokole iite watu kwanza, na baada ya misa mzee mmoja asimulie aliyoyaona, kwa Kilokele. Mmoja wetu asimame kando yake atafsiri kwa Kiswahili, mwingine arekodi kwa simu. Kifaransa kitakuja baadaye, kama kuna anayekihitaji.

Koko amekwisha kukubali. Sharti lake ni kiti chenye mgongo, na nisimkatize.