Kurudi Aru na mtoto wa S5: tuangalie kalenda kwanza

Mzazi anayetoka Arua kurudi Aru anafikiria nyumba na shamba. Mtoto wa S5 anapakiwa tu pamoja na magodoro. Hapo ndipo shida inaanza. Uganda masomo yanafunguliwa Februari, kwetu Septemba. Kule ni Kiingereza. Hapa Exetat ni Kifaransa, tena kwa seksio ambayo wenzake wameisoma tangu umanite ya kwanza. Akiingia Januari, atarudishwa nyuma, na wengine wanaacha shule kwa haya.

Kwa maoni yetu, aliyebakiza mwaka mmoja amalize S6 kule, hata kama ni kwa shangazi. Akimaliza Desemba, anabaki na miezi ya kujifunza Kifaransa na kufuatilia ekivalansi ya diploma kabla vyuo vya Bunia havijafungua. Wa S1, huyo arudi sasa.